Nilimuita Mutoto wa Yaya

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Nimechelewa tena. Nilinyonyesha mutoto wangu Exaucé mbio mbio, nikamuacha kwa dada yangu mukubwa, Yaya Mado, nikapanda taximoto. Benzangu tayari banapima ile kofia ya nyaya, ya kusoma ubongo. Tuko bane, bote batoto ya bachimbaji, mu staji: tunajifunza kupima ubongo ya batoto badogo. Mi peke yangu sina université. Mama Dokta, mwalimu wetu, anasema ubongo ya batoto ya Kolwezi, batu ya Kolwezi njo batausoma. Akisema vile anatuangalia mumoja mumoja. Mi naangalia chini. Siku ya kuanza aliuliza kama niko na mutoto. Nilisema hapana. Niliogopa atakamata mwingine mu nafasi yangu. Hakusema hata siku moja kama hataki bamama. Niliwaza tu.

Jumanne, tarehe 4
Nilisoma mawimbi ya ubongo kwenye ekrani, nikaonyesha pale mutoto alipepesa macho. Mama Dokta: "Uko na jicho, mama." Anataka mi njo nisimame mbele ya bageni ya Lubumbashi batakaokuja kuona kazi yetu. Furaha! Kisha maziwa ikaanza kutoka. Nikafunga koti nyeupe mpaka shingoni. Na ile jua. Kalala, mwenzangu wa staji: "We, unasikia baridi Kolwezi?" Balicheka. Nilicheka nabo. Nilijichukia.

Alhamisi, tarehe 6
Mvua imefunga kwabo bamama ya kutuletea batoto ya kupima. Batoto bamekosa. Mama Dokta ameomba kila mutu alete mutoto wa jirani ama wa ndugu. Kalala aliwahi kuona Yaya na Exaucé mu mutaa wa Dilala. "Ule mutoto munene wa yaya yako, mulete!" Nikasema ndiyo.

Yaya alikasirika. "Mi sikuzaa ule mutoto. We njo ulilia mu maternité, si mi." Nilimulilia mpaka akakubali.

Ijumaa, tarehe 7
Yaya alifika na mutoto ku staji. Exaucé aliponiona alinyoosha mikono. Nilirudi nyuma. Mbele ya mutoto wangu, nilirudi nyuma.

Yaya alisaini karatasi ya ruhusa, pale pa mama. Mama Dokta akauliza: alipozaliwa, alilia? Yaya hakukuwa pale siku ile, alikuwa Lubudi. Akajibu: "Mara moja, tena na nguvu!"

Hakulia. Alitoka kimya, rangi ya majivu. Muzalishaji alimusugua mugongo, akamupulizia, mi naita Mungu. Ile swali tumefundishwa vizuri: mutoto ambaye hakulia anafuatiliwa mpaka akue. Wakiandika alilia, nani atamufuatilia wangu?

"Hakulia," nikasema.
"Unajua je, we?" Kalala akauliza.
"Mi njo mama yake."

Kalala aliangalia kofia mikononi. Exaucé alinirukia, akatafuta ziwa. Nilimupa pale pale. Hakuna aliyecheka.

Mama Dokta alipasua karatasi. "Kuficha mutoto, ile ni haya yako. Kusainisha mutu mwingine, ile inaharibu kazi yetu. Nani atatuamini, mama?" Akanituma nyumbani. Hakusema nirudi.

Jumapili, tarehe 9
Sikuenda kanisani. Exaucé hajui kitu. Ananichekea vile vile, na meno yake mbili. Ile njo inaniuma zaidi.

Jumatatu, tarehe 10
Nimerudi bila kuitwa. Exaucé mugongoni, kitenge imefungwa vizuri, batu bote banaona. Nilitembea vile mpaka mulangoni.

Mama Dokta hakuchekelea. Alinionyesha kiti ya bamama, si ile ya mashine. Mbele ya bageni atasimama Kalala. Imeniuma. Ni haki.

Alinisomea karatasi yote, polepole, kama hanijui. Nilisaini jina langu. Alilia? Hapana, hakulia. Akaandika.

Kalala alimuvalisha kofia na mikono laini. Exaucé alilala kwenye kifua changu. Mawimbi yakaanza kupita. Kwenye ile kiti ekrani haionekani, nilinyoosha shingo bure.

Mama Dokta aliniona. Aligeuza ekrani kidogo, upande wangu.