Mlango wa Mama wa Wen

Njombe, Jumatatu, 18 Juni 1956

Sakitu tena, nyasi nyeupe mpaka saa tatu. Darasa la tatu wamenichosha. Nimerudi nikakuta mgowe, kazi ya kusaidiana, umeshaanza bila mimi: wanawake saba uani, mahindi yetu mbele yao, midomo inaenda kuliko mikono. Anayeita wenzake kumsaidia kazi hutoa ulanzi, pombe ya mianzi. Sisi Walutheri wa nyumba hii hutoa togwa, na tangu wiki iliyopita natoa na kitabu. Wao wanapukuchua, mimi nasoma Kiingereza kimoyomoyo na kuwaambia kwa Kiswahili, na Kibena pale wanapokwama.

Kitabu hakina jalada. Mjomba, mpishi wa hoteli ya Wazungu kule Makambako, alikikuta chumbani mgeni akiwa ameshaondoka. Ni habari za magenge ya China, zamani za wafalme wao.

Leo sura ya saba. Kijana Wen amekula kiapo cha genge linalovunja maghala ya chai. Askari wamepekua nyumba ya mama yake, muuza tambi, mbele ya majirani. Mama akafunga mlango. Akasema hana mwana.

Uani pakawaka. Mama Mgaya anasema amefanya vema kabisa. Mama Sanga, yule Mkinga wa ng'ambo ya barabara, anasema huyo si mama, ni jiwe. Wamerushiana magunzi, watu wazima. Mama yangu alipukuchua mpaka kidole kikatoka damu.

Jumanne, 19 Juni

Niandike jina hapa, maana nyumbani halitajwi. Eliasi. Mdogo wangu.

Alikuwa na genge lake, vijana watano wa Makambako, wanashusha mizigo ya malori yakipanda mlima polepole. Askari walikuja kupekua kwetu Jumapili, watu wakitoka kanisani. Waligeuza hata kitanda cha Mama. Eliasi alifungwa miaka miwili. Alipotoka alikuja mchana, mvua inanyesha, akabisha hodi. Mama alikaa jikoni akatazama moto. Hodi ya pili. Ya tatu. Akaondoka.

Na mimi nilikuwemo. Nilikuwa karibu na mlango kuliko Mama. Sikufungua.

Sikuwasomea kitabu hiki kwa ajili ya Mama. Au nilifanya hivyo. Sijui.

Jumapili, 24 Juni

Aibu. Mwinjilisti aliuliza nani ana haja ya kuombewa. Akasimama Mama Sanga: tumwombee mama wa Wen, wa China, Mungu amlainishe moyo afungue mlango. Mwinjilisti akauliza jina linatamkwaje. Kanisa zima likaitika Amina.

Wao kitabu wanachokijua ni Biblia na cha nyimbo. Kilichopigwa chapa ni kweli, basi. Nilipaswa kusimama pale pale niseme watu hawa hawapo, mtu amewatunga. Nilitazama viatu vyangu. Mwalimu mzima.

Mama aliomba kwa machozi. Kwa mwana wa Mchina! Nilikasirika hata nikashindwa kuimba.

Jumatatu, 25 Juni

Barua ya Mjomba. Eliasi amejiandikisha kwenda migodini Afrika Kusini. Lori linaondoka Makambako Jumamosi asubuhi. “Kama lipo neno la nyumbani, lije kabla.”

Nimemsomea Mama. Aliniuliza kama nimechota maji.

Kutoka kijiji hiki wameenda watatu. Mmoja amerudi anakohoa. Wawili hawajarudi, wala barua.

Imebaki sura moja ya kitabu. Nimeitangulia leo mchana, shuleni. Wen anamtoroka mkuu wa genge, anakuja kwa mama yake, anabisha. Mama hafungui. Genge linamngoja darajani. Mama anaambiwa na wateja wake, asubuhi, akiwa anakata tambi.

Hii simsomei Mama. Nife kwanza.

Jumanne, 26 Juni

Nimedanganya. Vizuri sana, kwa sauti ya kusoma, macho kwenye ukurasa. Nimesema mama alifungua. Nikaongeza bakuli la tambi, na supu. Nikaongeza kulia. Vigelegele mpaka ng'ombe wa Mama Mgaya wakashtuka. Mama Sanga akapiga magoti pale pale, kwenye maganda, akashukuru kwa maombi kujibiwa.

Mama amecheka. Sikumbuki mara ya mwisho.

Nilifikiri: sasa ataniambia twende Makambako.

Jumatano, 27 Juni

Hakusema twende. Anaimba. Anafagia huku anaimba!

Nilipomkumbusha lori, akasema, “Mwache aende. Umesoma mwenyewe, wanarudi. Akirudi akabisha, safari hii nitafungua.”

Mjinga mimi. Nimempa mama yangu sababu nzuri ya kukaa kitako.

Siku tatu.

Alhamisi, 28 Juni

Nimeshindwa shuleni. Nimewachapa watoto wawili bure. Nimerudi nyumbani na kitabu mkononi nikamwambia Mama aketi.

Nikamsomea kama kilivyo. Hodi, darajani, wateja, kisu cha kukatia tambi. Sikuacha kitu. Nikamwambia pia kwamba yote ni hadithi ya kutungwa, mama wa Wen hajapata kuwako.

Kisha akauliza, “Aliyeitunga, aliandika alifungua?”

“Hapana, Mama. Hakufungua.”

“Na ile tambi?”

“Yangu.”

Akaniita mwongo. Mwalimu, binti wa marehemu mzee wa kanisa, unawapigisha watu magoti kwa uongo! Hakutaka kunitazama. Chakula alipakua chake tu. Ananionea. Hapana, hanionei, ni haki yake. Lakini namchukia leo, na nimeandika hivyo, na sifuti.

Ijumaa, 29 Juni

Nimefundisha, nimerudi, nimechota maji.

Saa kumi Mama akatoka jikoni amevaa kitenge cha kanisani. Akauliza lori la mbao linapita saa ngapi. Limeshapita, nikasema, lingine kesho alfajiri. Akasimama pale pale na kitenge chake, hataki kukaa. Ananitia hofu. Tukichelewa kesho hatanisamehe, na mimi sitajisamehe.

Makambako, Jumamosi, 30 Juni

Tope kilima cha pili. Wanaume wakasukuma, na sisi tukasukuma. Mama njia nzima alimwuliza dereva jua limefika wapi, utafikiri mimi sina saa.

Tumefika injini ikiwa inanguruma. Wanaume wamejaa nyuma, kila mmoja na kipande chake cha kazi mkononi. Eliasi alituona kwanza. Akageuza uso. Amekonda, ana ndevu.

Mnyapara akatuambia turudi nyuma. Mama akampita kama hakumsikia. Akafika ubavuni mwa lori, akanyanyua mkono, akagonga mbao.

“Hodi,” akasema.

Watu wakacheka. Eliasi hakugeuka.

“Hodi.”

Hapo hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimejishika mdomo. Nilijua Eliasi anahesabu. Nilijua inayofuata ni ya tatu, na kwamba ana haki ya kukaa kimya kama tulivyokaa sisi.

“Hodi, Eliasi.”

Eliasi akainama juu ya ubao. Machozi yanamtoka mbele ya wanaume wote wale.

“Karibu, Mama.”

Mama alikanyaga gurudumu, yeye na miaka yake, akamshika kichwa kwa mikono miwili. Kushuka haikuwezekana. Ameshatia sahihi, miezi kumi na minane. Mnyapara alingoja kidogo, nimshukuru kwa hilo. Mimi nilimgusa Eliasi vidole tu. Nikamwambia nilikuwa karibu na mlango. Akasema anajua, alinisikia nikipumua.

Njombe, Jumapili, 1 Julai

Nimesimama kanisani nikasema ukweli wote. Mama Sanga hakunisalimia nje. Mwinjilisti atakuja kuzungumza nami Jumatano.

Mchana baridi, ukungu. Mama amesonga ugali wa watu watatu. Tumekula, umebaki. Ameufunika kwa sahani akauweka kando ya moto.