Bluu Kwenye Kitambaa cha Mama

Mwika, Jumapili mchana

Dada Pamela, shikamoo.

Kwa majonzi makubwa, ukoo unakutangazia kwamba ng'ombe wetu ametafuna kifuniko cha kamera yangu. Ng'ombe hajambo, kamera ndiyo inayoomboleza. Najua unacheka: mzee mzima mwenye kipara anazunguka makanisa ya Moshi kupiga picha madirisha ya vioo vya rangi, wenzake wanapalilia kahawa. Cheka tu, wewe uliyeshindwa hata kukamua.

Umeniomba tena picha ya mwisho ya mama, kwa misa ya kutimiza mwaka. Nilikuambia ilifutika. Haikufutika, nimeiweka humu. Tangu tumzike migombani, kila nikilenga dirisha la rangi namsikia nyuma yangu ananiita. Nikigeuka, mabenchi matupu.

Nimeambatanisha pia jani la isale, kama mtu wa kwetu anayeomba msamaha. Lishike kwanza, halafu usome.

Nilisema alifia mikononi mwangu. Si kweli. Siku ile, baada ya misa, alibaki kwenye benchi, akaniambia, “Ronald baba, twende, kifua kinanibana.”

Nikamjibu, “Mama nawe! Dakika tano tu, jua ndiyo kwanza linaingia kwenye kioo.”

Bluu ya dirisha ikamshukia kwenye kitambaa cha kichwa. Nikaona amesinzia, amependeza, nikampiga picha. Nilipomgusa bega tuondoke, alikuwa ameshatutoka, na mimi bado natabasamu.

Mdogo wako,
Ronald