Matone Ambayo Mama Hakuyatia

Jumatano. Mvua imekatika, joto limebaki.

Sasa hivi Nasra amemnyooshea bibi yake kipande cha andazi, upande wa kushoto. Bibi hakukiona. Mtoto wa miaka mitatu hakulia, hakuita. Amezunguka taratibu mpaka upande wa kulia, akamwekea mkononi.

Kumbe ameshazoea. Kumbe mwanangu alijua kabla yangu.

Mama yangu mzazi kanidanganya.

Jana nilimpeleka kliniki ya macho. Mama ana presha ya damu, miaka sasa anameza vidonge. Mwaka jana wakamkuta jicho nalo lina presha yake, akapewa dawa ya matone. Kila asubuhi kabla sijaenda Mchikichini kuuza nguo zangu za watoto namuuliza, "Mama, umetia dawa?" "Nimetia, mwanangu." Naondoka na amani yangu.

Hajatia tangu Ramadhani.

Alimwambia daktari huku kainamisha kichwa: akitia tone anasikia uchungu kooni, akaogopa funga yake itaharibika. Akaacha, bila kumuuliza mtu. Idi ilipopita akaenda kwa yule kaka mwenye mashine ya kupimia presha, pale kona yetu Kariakoo. Namba zikatoka nzuri. "Bi mkubwa, damu ikitulia hivi, na jicho limetulia." Mama akaamini. Na mimi nikawa namtania, mama una presha ya msichana!

Daktari alitikisa kichwa. "Vidonge vya presha ya damu havitibu jicho, mama. Vingine huishusha presha ya jicho kidogo tu, si ya kutegemea. Na mashine ya mkononi haipimi jicho." Akanigeukia mimi. Kilichopotea jicho la kushoto, akasema, hakirudi, tulinde kilichobaki.

Na mama huyu ndiye anayemvusha Nasra barabara ya mabasi ya mwendokasi pale Gerezani.

Njiani kurudi nilimuuliza mama kwa nini hakuniambia kama haoni vizuri.

"Ningekwambia ungemchukua mtoto, ukampeleka kwa mawifi zako."

Kweli, ningemchukua.

Sijui hasira nizipeleke wapi. Yule kaka wa mashine hata hakujua anachosema. Na mimi niliuliza kila siku kwa mdomo, ile chupa sikuishika hata mara moja nione kama inapungua.

Kuanzia leo namtia mwenyewe, asubuhi na jioni. Nasra hatavushwa barabara na mtu ila mimi. Jicho la kulia bado zima, daktari kasema tukiwahi litabaki. Nalishika hilo.

Ila kusamehe, bado. Nataka nimwambie kwamba kinachoniuma si dawa, ni kwamba kila asubuhi alinitazama usoni, akatabasamu, na mimi

Ananiita. "Mama Nasra! Njoo unitie dawa mwenzio, mi nalenga shavu tu huku!"