Robo Nne Darajani

Kaka Magesa,

Mama bado anainjika maji ya ugali akisikia honi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalonitisha, na wewe hukupenda maneno ya kuzungukazunguka.

Tangu tukuzike, hapa nyumbani Butiama tunaongea kwa kunong'ona. Ng'ombe wa yule mjane jirani yetu hawajapatikana. Kuhusu wewe polisi wameandika ajali, eti pikipiki ilikushinda pale daraja dogo. Mimi ndiye niliyefika wa kwanza. Kofia yako ngumu ilikuwa juu ya jiwe, mkanda wake umefungwa. Ajali haimvui mtu kofia, kisha ikafunga mkanda. Nilisema hivyo, nikaambiwa nisubiri kwanza matanga yaishe.

Unakikumbuka kizibo? Alfajiri ile ya wizi tulimwona sote wawili baba mdogo, damu yetu kabisa, akiwaswaga ng'ombe wa mjane kuelekea Mugeta. Ukaenda polisi kutoa maelezo, ukasema ulikuwa peke yako, ili mimi niachwe. Kuanzia hapo ukaacha kuzoea njia moja. Kila Ijumaa ukitoka kufundisha Bunda ulirusha kizibo cha soda. Meno juu, lami hadi Makutano. Meno chini, vumbi la Nyamuswa. Mbele kila njia iligawanyika tena, nawe ukarusha tena. "Hata mimi sijuagi nitapita wapi," ulisema, "sasa yeye atajulia wapi?" Nilikucheka, mwalimu mzima wa hesabu anaongozwa na kizibo.

Ukanichorea uani kwa kijiti huku nachambua dagaa. Nusu ya lami inagawanyika: robo kunyoosha, robo kuzungukia upande wa Mugango. Nusu ya vumbi nayo: robo kupitia mashine ya kusaga, robo kupitia bondeni. "Penye njia panda gawanya, penye makutano jumlisha." Wanafunzi wako waliisema kanuni hiyo kaburini kwa sauti moja.

Siku ile nilikuuliza, na pale darajani je? Njia zote nne zinakutana pale, na pikipiki haina pengine pa kuingilia kwetu. Ukakitia kizibo mfukoni. "Pale ni nyumbani tayari."

Kaka. Robo nne ni moja. Uligawanya kote, ukaacha kujumlisha mahali pamoja tu, kwa kuwa ni kwenu. Nimekukasirikia kwa hilo kuliko nilivyolia. Tena kila ukifika pale ulipiga honi mbili fupi ili mama ainjike maji. Ulikuwa unamtangazia kila anayekungoja kwamba umefika.

Baada ya matanga nilikwenda polisi Musoma, nikasema kwamba alfajiri ile nilikuwa nawe na nilimwona kwa macho yangu. Nilidhani hakuna anayejua.

Wiki iliyopita, jioni, zikalia honi mbili fupi darajani. Mama akainuka, akachukua sufuria. Sikumzuia. Hakuna pikipiki iliyoingia uani. Maji yalichemka mpaka yakakauka, naye akaenda kulala.

Kesho yake asubuhi baba mdogo akaja na sato wawili, akakaa kwenye kigoda chako. Mama akamshukuru, maana hajui tulichokiona. Wewe ulikataa aambiwe, nami sijaweza. Mama alipoingia ndani, baba mdogo akanigeukia kwa upole, kama anayemuuliza mtoto hali ya homa yake. "Mwanangu, nasikia unaitwagwa Musoma huko. Siku hizi unapitaga njia gani?"

Nikamwambia sijui.

"Usihangaike," akasema. "Zote ni moja tu."

Kesi ya ng'ombe ni kesho, Musoma. Kizibo chako ninacho, lakini sitakirusha. Nitatoka kwa miguu kupitia mashamba ya mtama, nivuke kijito kule juu wanakofulia wanawake, mahali ambapo wewe hukuchora mstari. Nilimwomba mama twende wote, nikamdanganya kwamba ni safari ya hospitali. Amekataa. Anasema honi ikilia, nani atainjika maji? Naogopa kumwacha, na nikibaki yule mjane atakuwa amepoteza ng'ombe na wewe utakuwa umekufa bure.

Pumzika, kaka yangu. Nakuahidi nitalitaja jina lake mbele ya hakimu na mbele yake mwenyewe, hata sauti ikinikatika. Nikirudi nitakuja kukaa nawe kaburini, nikwambie yote.

Nilitaka kuandika zaidi, ila naishia hapa. Honi imelia darajani, mara mbili, na mama ananiuliza kiberiti kiko wapi.

Mdogo wako,
Nyangeta