Mazishi ya Bibi ya Kapteni

Rusinga, Alhamisi, 1994

Hawa watu wote wanaelezea hiyo sinema vibaya. Juzi mimi nilikuwa Homa Bay kwa mtoto wa dada yangu, nikaona mpaka mwisho. Wao walikuwa hapa kwa duka ya Hassan, na betri ya gari inayowasha TV ikakufa wakati kapteni wa chombo cha angani bado anatafuta bibi yake aliyepotea huko kati ya nyota.

Miaka nane tunafuata hiyo sinema kila wiki, na leo imetugawanya kama kura.

Jirani yangu Odhiambo anasema kapteni ni mtu bure, lazima alichoka haraka. Nikamwambia, "Wewe hata ng'ombe yako ikipotea unaitafuta ukiwa umekaa."

Wakacheka. Nikaongeza kwamba kapteni alizika tunda la yago, lile refu kama soseji, badala ya mwili wa bibi, vile sisi tunafanya kama ziwa imekataa kurudisha mtu.

"Jaduong', mzee wangu, huko juu yago inamea wapi?" Odhiambo akauliza.

Wakacheka tena. Halafu wakakumbuka kaburi ya bibi yangu Akinyi, ambaye ziwa ilimchukua; iko hapa nje ya mlango wangu, ina yago tu ndani.

Hassan akaniletea chai sikuomba. Nikarudi mapema, mimi mtu wa kuongea mpaka taa inaisha mafuta.

Ukweli ni kwamba kapteni hakuzika kitu. Aligeuza chombo akaenda. Hiyo yago niliweka mimi. Nilishindwa kumwacha arudi nyumbani mikono mitupu.