Sufuria ya Pili

Tarehe tatu, mwezi wa sita. Huu ni mwaka wa thelathini na mmoja tangu niondoke kwetu.

Mshauri wetu mpendwa,

Nisaidie kwa jambo la jikoni, ingawa najua mzee kama mimi hana kazi jikoni kwa mkaza mwanawe. Ninaishi na mwanangu na mkewe, na huyu binti ana heshima, akitoka kiwandani kushona hubadilisha viatu tu na kuingia jikoni, lakini nyama ya ng'ombe huinunua dukani, imelala kwenye trei chini ya nailoni, kahawia pembeni, na nilikokulia mimi nyama ilinunuliwa asubuhi ikiwa bado na joto, mama akiibonyeza kwa kidole, na ya jana ilikuwa ya mbwa. Nilivumilia, kisha nikashindwa, nikaanza kwenda mwenyewe kwa mwenye bucha tunayemwita Shoka, ambaye huniambia, "Shika, mzee, huyu alfajiri alikuwa anatembea," nami hushika, nikaridhika, nikaileta nyumbani na kumwomba binti anipikie yangu peke yake.

Hakubisha. Alisema tu, "Sawa, baba," akatoa sufuria ya pili.

Nyama yangu, nasema kweli, ilikuwa ngumu, nikadhani ni meno. Kisha mwezi uliopita ikalainika ghafla, nikatamba mezani mbele ya mwanangu, "Mnaona? Hii ndiyo nyama," na binti akainamia sahani yake akaendelea kula. Juzi walipokuwa kazini nilifungua friza kutafuta barafu ya goti langu, nikakuta mifuko ya Shoka imejipanga, na mafundo niliyofunga mwenyewe hayajaguswa.

Kumbe nimekuwa nikila ya trei, na bado sufuria mbili huletwa mezani kila mara ili nisijue. Sijui kama nimedanganywa au nimehurumiwa, na sijui mkwe huulizwaje jambo kama hilo. Jana nilimsikia akimwambia mumewe, bila hasira, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Labda baba angetulia zaidi kwa wifi," yaani nihamie kwa dada yake mwanangu. Nimeshahama mara nyingi, mshauri, na hapa ndipo nilipotaka kukaa. Kwetu sitarudi.

Mzee mwenye goti

*

Mzee wangu,

Pole kwa goti, na pole kwa miaka hiyo. Pole iliyobaki nampa huyo binti.

Hukudanganywa. Ulimwongezea kazi mtu ambaye tayari amechoka, naye akatafuta njia ya kupumua bila kukuvunjia heshima. Wangapi wangekuambia ukapike mwenyewe?

Mama yako hakukosea. Hakuwa na friji, kwa hiyo joto lilimwonyesha kwamba nyama haijakaa. Wewe friji unayo. Nyama iliyochinjwa alfajiri na kupikwa mchana huwa bado imekaza. Ikipumzishwa kwenye baridi siku chache hulegea. Meno yako hayana kosa. Ukahawia wa pembeni peke yake si kuoza. Ila ikinuka vibaya au ikiteleza kama sabuni, hiyo tupa. Na hiyo ya Shoka inayoning'inia mlangoni, uliwahi kutafuta muhuri wa mkaguzi, au ulishika joto ukaridhika? Joto la saa sita huenda ni la jua.

Leo akirudi, usiitishe kikao. Mwambie mbele ya mumewe: "Mwanangu, kuanzia leo pika sufuria moja. Nyama yako ndiyo niliyokuwa naisifu." Ataelewa kwamba umejua, nawe usiongeze neno. Mkimaliza kula, osha sufuria wewe. Goti halizuii mikono. Siku atakayokwenda dukani, omba kufuatana naye, ubebe kikapu, na umwache achague.

Ile mifuko usimuulize. Itoeni mmoja mmoja, ipikwe kwa moto mdogo muda mrefu, mle wote, na kipande kikikushinda, kitafune kimyakimya.