Seli Zilizong'aa Kupita Kiasi

Jumatano, Mbeya. Ukungu umegoma kuondoka tangu asubuhi. Nimevaa sweta mbili na moyo bado hautulii.

Ile picha siipendi. Maabara nzima wanaisifia, mimi siipendi.

Kazi yetu ni hii: tunaunganisha sukari na rangi inayong'aa, kisha tunaiweka kwenye seli za kinga zikiwa hai. Juu ya seli kuna vipokezi vinavyoitambua sukari hiyo na kuishika. Vikiishika, kwenye hadubini unaona ukingo wa seli umewaka kijani, nasi tunajua vipokezi viko wapi.

Picha ya Lusajo, mwenzangu wa maabara, imewaka mpaka katikati. Kila seli. Imependeza mno.

Na mimi kinachopendeza mno hunitia wasiwasi.

Leo alipokwenda kunywa chai nilichukua seli kutoka chupa yake ileile. Nikazipa kwanza sukari tupu, isiyo na rangi, vipokezi vishibe. Kisha nikaweka sukari yenye rangi, ambayo sasa ilipaswa kukosa nafasi. Wapi! Zikawaka vilevile. Nikaweka rangi ya bluu, ile inayopenya kwenye seli zilizokufa tu.

Zote zikawa bluu.

Kumbe tulipiga picha maiti.

Lusajo aliporudi nilimwonyesha. Hakushangaa, na hilo ndilo lililonichoma.

"Dada Neema, umeme ulikatika Jumapili, mashine ya kuzipasha joto ikazimika, zikapigwa na baridi," alisema. "Niliona. Ila Mama alikuwa anaidai picha."

Mama ni bosi wetu, Mama Kihwele. Yuko Iringa, na kesho anaionyesha picha hiyo kwa wafadhili. Nikampigia, nikamweleza yote. Akauliza:

"Nani mwingine anajua?"

Nilidhani angeuliza seli zilikufaje.

"Ni mimi na Lusajo, Mama," nikajibu. "Ila ukiionyesha, wafadhili nao nitawaambia."

Sijui ujasiri ule niliutoa wapi. Akakata simu.

Jioni hii ameniandikia: "Picha nimeiondoa. Asante, mwanangu."

Nimeshukuru, kweli. Lakini ameiondoa kwa sababu ni ya uongo, au kwa sababu mimi najua?

Kesho asubuhi naotesha seli mpya. Lusajo atakaa meza moja na mimi, na hakuna picha itakayotoka hapo kabla sote wawili hatujaona kwamba ziko hai.